Malalamiko Kuhusu Sala Isiyohesabiwa na Mpishi Mwenye Mkono Mwepesi

Bw. Bohumír Chovanec
Fundi bomba
Horní Jalovice, nyumba ya pili baada ya kanisa

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Bastola ya Jalovice

Ndugu Mwenyekiti Hanáček,

Tumsifu Yesu Kristo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama watoto, na kwamba lile goti limepoa tangu nilipokubadilishia bomba la bafuni ukanishikia tochi umepiga magoti saa nzima. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio haujakaa sawa, na kwa kuwa sijazoea kulalamika mbele za watu, nimeona niandike. Elimu yangu unaijua, ni ya kufunga na kufungua mabomba, hivyo ukikuta neno limekaa upande, lisukume kidogo kwa kidole liende mahali pake.

Jumamosi iliyopita, sikukuu ya Mtakatifu Servác, klabu yetu ilifanya mashindano ya kuchagua timu ya wazee wa miaka hamsini na zaidi itakayokwenda kwenye mashindano ya taifa. Timu ni watu wanne. Kwa miaka kumi na moja mtu wa nne nimekuwa mimi. Sijawahi kuwa wa tatu, nakiri, lakini wa nne nimekuwa kwa uaminifu, kama mguu wa nne wa meza ambao hakuna anayeutazama mpaka siku ukikatika. Mwaka huu risasi zangu zimeambiwa hazina nguvu, alama zangu zote zimefutwa, na nafasi ya nne amepewa mtu ambaye jina lake naliandika kwa shida, maana ndiye aliyenipikia supu ya dengu ninayoila wakati huu. Ni Blažena, mke wangu wa ndoa.

Ijumaa mnapeleka majina. Naomba kabla ya Ijumaa usome hoja zangu, ambazo nimezipanga kwa namba ili zisigombane.

1. Lalamiko la kwanza ni dhidi yako wewe mwenyewe, na nalianza nalo ili nisionekane nasema watu wakiwa hawapo. Miaka miwili iliyopita Blažena alikuja uwanjani kwa kazi moja tu: kuniletea mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe na kitunguu juu. Angeuweka mkate mezani akaondoka, tusingefika hapa. Lakini wewe, Ndugu Mwenyekiti, kwa ukarimu wako usio na breki, ulimwambia, "Mama Chovancová, jaribu basi mara moja, usiogope, haiumi." Naye akavua glavu. Nilikuwepo. Alipiga vibao sita, vyote sita vikalala chini, kisha akakugeukia akauliza, "Ndiyo hii tu anayohangaika nayo kila Jumamosi?" Mlicheka wote. Mimi pia nilicheka, kwa heshima ya mkate. Ungejua mwisho wake, usingempa mpishi bastola, kama vile mimi nisivyompa mteja spana ya bomba.

2. Sheria zetu zinasema kila mshindani aingie kundi linalomfaa kwa umri na kwa aina ya bastola. Hazisemi neno juu ya mtu aliyefanya mazoezi kwa siri kwa miaka thelathini akilipwa mshahara. Blažena ni mpishi wa shule. Kila siku ya masomo, saa tano na dakika arobaini, kengele inalia, na watoto mia mbili na themanini wanamjia na sahani. Anawamaliza kwa dakika ishirini. Mkono wa kulia una upawa, wa kushoto tayari unafuata sahani nyingine kabla ile ya kwanza haijaondoka, na jicho liko kwa mtoto wa tatu anayetaka kurudi mara ya pili. Sasa niambie, Ndugu Mwenyekiti, kubadilisha magazini ya risasi ni nini? Ni hilohilo. Mkono mmoja unaangusha tupu, mwingine umeshaifuata iliyojaa mkandani, na jicho limeshatangulia kwenye shabaha.

Mimi nimejifunza kazi hiyo katika majira matatu ya baridi, nimesimama ndani ya chumba cha mvinyo na bastola tupu, mbele ya kalenda ya bima, nikishuka kutoka sekunde mbili na nusu mpaka moja na tisa. Yeye alianza kwenye moja na tatu. Na mlio wa kuanzia? Mlio ukilia, mimi kwanza nasikia, kisha naelewa, kisha natoa bastola. Blažena hasikii wala haelewi, anatoa tu. Ni oveni ndiyo iliyomzoeza. Mtu ambaye keki ishirini zingemwungulia kama angechelewa hana haki ya kushindana na fundi bomba, ambaye kwa desturi huchelewa na watu humsubiri.

Kwa hiyo naomba liundwe kundi lake, liitwe Wapishi wa Shule. Atashika nafasi ya kwanza, na ya mwisho pia, na wote tutampigia makofi.

3. Hapa nakuja kwenye ujazaji wa risasi. Wewe unajua, lakini kamati ina vijana wanaonunua za dukani, kwa hiyo waeleze. Sisi tunaokota maganda yetu, tunayasafisha, tunayatia fataki mpya, baruti na kichwa kipya. Baruti ikizidi, bastola inaruka mkononi na jicho linachelewa kurudi kwenye shabaha. Ikipungua, mkono unatulia na mtu anapiga haraka. Ndiyo maana kila mmoja wetu huteremsha baruti mpaka karibu na ukingo. Na ukingo upo: risasi lazima ifikishe nguvu, yaani uzito wa kichwa mara kasi, ya mia na ishirini na tano kwenye kipimo, la sivyo unapiga kwa kujifurahisha, alama huna.

Mashine ya kujazia ni moja nyumbani kwetu, imefungwa kwenye meza ya jikoni, pale anaposukumia unga. Blažena hujaza akiwa na aproni. Simu anaifungia kwenye kikapu cha mkate. Kila baada ya risasi hamsini anasimama, anamwaga kila kitu, anaweka kisahani kitupu kwenye mizani na kuangalia kama inasoma sifuri. Kila hamsini! Nilimwambia kwa upole kwamba huo ni upungufu wa imani. Akasema, "Bohouš, na wewe iangalie sifuri yako kabla hujaanza." Nikamjibu, "Sifuri haina miguu, mama. Itakwenda wapi?"

Risasi zake zinafanana zote, kama madonge ya knedliki kwenye sufuria. Hazina tabia. Ukizipanga huwezi kujua ipi imejazwa kwa furaha na ipi kwa huzuni. Zangu unaweza.

4. Tarehe. Ni nani katika kamati aliyepanga mashindano siku ya Servác? Bibi yangu, ambaye hakusoma hata darasa moja, hakuwahi kutoa nyanya nje kabla Watakatifu wa Barafu hawajapita. Pankrác, Servác na Bonifác huja kila Mei, siku ya kumi na mbili, kumi na tatu na kumi na nne, na huja na baridi yao. Baruti nayo ni kama mzee: ukiiamsha kwenye baridi inafanya kazi, lakini bila moyo. Asubuhi ile nyasi zilikuwa nyeupe. Najua kamati itasema risasi za Blažena zilipita kwenye baridi hiyohiyo kwa mia na ishirini na tisa. Jibu langu ni kwamba zilijazwa jikoni karibu na jiko, zikazoea joto, zikaja uwanjani bado zina kumbukumbu. Zangu nilizihamishia kwenye kibanda cha zana ili zipate utulivu.

5. Lalamiko hili lilimhusu Kamil Otáhal na mama yake mzazi. Nimelifuta baada ya kusali. Linalobaki ni hili: msimamizi wa kipimo cha kasi hapaswi kuwa mtu mcheshi. Alichukua risasi zangu nane kama sheria inavyotaka. Moja akaivunja akapima kichwa chake, sawa. Tatu akazipiga juu ya mashine: mia na ishirini na moja. Akanitazama, akasema, "Mzee Chovanec, hizi ni risasi au peremende za kikohozi?" Akapiga tatu nyingine: mia na ishirini na mbili. "Hii ya mwisho nimeiona ikitoka," akasema, "imenipungia mkono." Watu wanasikia. Ikabaki ya nane, ambayo mshindani anachagua ipimwe uzito au ipigwe. Nikafanya ishara ya msalaba, nikasema ipigwe. Mia na ishirini na tatu. "Inapanda!" Otáhal akapaza sauti. "Lete ndoo nzima, mzee, mpaka ibada ya jioni tutakuwa tumefika!"

Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa nimepiga vizuri siku ile. Nataka ulijue hilo hata usipolijua lingine. Zoezi la tatu, lile la milango miwili, nililipiga kwa sekunde kumi na nne, na sijawahi kulipiga chini ya kumi na sita. Nikashusha bastola. Nikasema moyoni, Bwana, huu ndio mwaka wa kuwa wa tatu.

Na matokeo yalipobandikwa, wote walitazama ubao. Blažena hakuutazama. Alinitazama mimi. Kisha akasema, "Twende nyumbani, Bohouš," akachukua funguo akaendesha yeye. Tangu Jumamosi tunaongea habari za chumvi na mlango tu.

6. Hili ndilo lalamiko kubwa, na mengine yote ni ngazi ya kulipandia.

Risasi zangu hazikuwa za kawaida. Nilikwenda kwa Padri Metoděj kumwomba azibariki. Padri huyu amebariki pikipiki mia moja kwa siku moja, amebariki mvinyo mpya, trekta la Vrzal na jukwaa la bendi ya tarumbeta. Akanitazama juu ya miwani akasema, "Bohumír, mimi nabariki vitu vinavyorudi nyumbani jioni. Risasi hairudi. Wewe mwenyewe nakubariki, inama." Basi nikainama, nikarudi nyumbani, nikaona kazi hii nimeachiwa mimi.

Nakueleza utaratibu wangu ili uone kwamba haukuwa na dosari. Kwanza nilisawazisha mizani na kisahani chake, ikasoma sifuri kamili. Kisha nikakitoa kisahani nikakilaza kifudifudi mezani, kama padri anavyokifunika kikombe, kwa heshima. Kwa kuwa haya yalikuwa mashindano ya kuchagua timu, safari hii niliongeza mshumaa, ule uliobarikiwa sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, ambao mama yangu aliuwasha dirishani kila radi zilipokuja. Nikausimamisha juu ya kisahani hicho, nikasali rozari nzima, matendo ya utukufu, bila kuruka. Nilipomaliza niliuzima mshumaa nikaupeleka chumba kingine, maana hata mjinga anajua moto na baruti havilali kitanda kimoja. Hapo tu ndipo nilipofungua mkebe wa baruti, nikageuza kisahani, nikapima, nikaanza kujaza. Kwa kila risasi, Salamu Maria moja. Risasi mia mbili. Jioni sauti ilikuwa imenikauka na Blažena akanitengenezea chai ya maua, akisema, "Malaika wamechoka kukusikiliza, nenda kalale."

Sasa nauliza, na naomba kamati ijibu kwa maandishi. Mashine yenu inapima kasi ya risasi. Mizani yenu inapima uzito wa kichwa cha risasi. Ni chombo gani mlichotumia kupima sala? Hakuna. Salamu Maria mia mbili, jumlisha rozari moja nzima, zimeingia kwenye hesabu yenu kama hewa. Mnaniambia kitu kilichowekwa kwa imani ndani ya kila risasi hakina uzito wowote? Sikubali. Mtu anayesema sala haina uzito hajawahi kusali.

Napendekeza hivi. Kila risasi iliyosaliwa iongezewe nguvu nne kwenye kipimo. Zangu zilikuwa na wastani wa mia na ishirini na mbili, jumlisha nne ni mia na ishirini na sita. Nimepita. Risasi za Blažena, ambaye akijaza huimba nyimbo za mavuno na si za kanisa, zibaki kama zilivyo. Sidai mengi. Ningeweza kusema kumi.

7. Soseji zilikuwa mbichi katikati na haradali iliisha kabla ya saa nne.

Kwa hayo yote naomba: mshumaa na rozari viingizwe kwenye vipimo rasmi, alama zangu zirudishwe, hasa za zoezi la tatu, mpishi apelekwe kundi la wapishi, na Ijumaa mtu wa nne aandikwe kuwa Chovanec, Bohumír, kama miaka kumi na moja iliyopita.

Nakwambia siri moja kama ndugu. Siogopi kushindwa. Mwaka wa mafuriko nilishindwa na mtu aliyekuwa na jicho moja, na tukanywa pombe ya slivovice pamoja. Ninachoogopa ni Jumamosi ile ya mashindano ya taifa. Gari lenu litasimama mbele ya nyumba yetu saa kumi na moja alfajiri, kama kila mwaka, litapiga honi mara mbili, na atatoka yeye na begi. Mimi nitabaki na kuku. Kwa miaka kumi na moja sijawahi kuuona ua wa nyumba yangu ulivyo Jumamosi ile, na sitaki kuuona.

Nisalimie mama watoto, na mbwa wenu, na mzee Vrzal kama bado anakohoa. Msalimie pia anayechoma soseji, mwambie sina kinyongo, aongeze makaa tu. Msalimie mweka hazina, na vijana wote wanaonunua risasi dukani, Mungu awaangazie. Otáhal msalimie mwisho.

Ndimi wako, katika Kristo na katika vibao vilivyosimama,

Bohumír Chovanec

N.B. Ndugu Mwenyekiti, barua ilikuwa imekwisha hapo juu. Niliiacha wazi mezani nikaenda kwa jirani kuomba stempu. Niliporudi, miwani ya Blažena ilikuwa juu ya ukurasa wa mwisho, na kando yake mizani, imetolewa kabatini. Kisahani kipo juu yake, hakina kitu ndani, na mizani haisomi sifuri.

Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Alikigeuza kisahani chini juu akanionyesha. Kwenye kitako, tone la nta ya manjano, bapa kama punje ya dengu. Akalibandua kwa ukucha, akaliweka peke yake kwenye mizani, akanisogezea miwani yangu nisome mwenyewe. Kisha akasema, "Ulitaka sala yako ipimwe. Hiyo hapo."

Nimepiga hesabu mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimekaa. Uzito wa tone lile ndio uzito wa baruti uliokosekana katika kila risasi, zote mia mbili, bila kuruka hata moja. Sala ilikuwa na uzito kweli, Ndugu Mwenyekiti. Hilo silifuti. Ila nilikuwa nimeiweka upande wa baruti.

Kwa hiyo naomba ufute lalamiko la kwanza hadi la sita. La saba libaki. Jina la Blažena lipeleke hata leo, usingoje Ijumaa, maana kwenye zoezi la tatu, lile nililojisifia, yeye alitumia sekunde kumi na mbili na akanificha siku tano nzima.

Gari lenu lina viti vitano na timu ni watu wanne. Nimemwomba ile kazi ya mkate na begi. Amesema atafikiri. Baadaye kidogo, akiwa amenipa mgongo anaosha sufuria, amesema kitunguu nikikate chembamba, na mshumaa ubaki nyumbani.